Maalim wa Chake, ng'ombe unao hapo hapo Pemba (jibu refu kuhusu Kihispania cha kati)

Assalaam alaykum wadau. Uzi huu nimeuona jana usiku nshalala nusu, nikasema ntajibu asubuhi, asubuhi nayo ikapita na wageni, basi ndo saa hii. Kwa wanaoingia sasa hivi, maalim mmoja wa Chake kauliza hivi: ana wanafunzi tisa, saba waongoza wageni na wawili wa resepsheni hotelini, Kihispania cha mwanzo wamekimaliza, wanajitambulisha, wanahesabu, wanaagiza chakula, wakati uliopo wanaumudu, lakini kawapandisha kiwango cha kati wamenasa kama gari ya shamba kwenye tope. Na kitabu chake kila sura mwisho kina ukurasa wa utamaduni, hajui aufundishe, auruke au awaachie wausome nyumbani.

Mie nimetembeza wageni miaka kumi na moja, Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, na miaka sita hii nafundisha jioni, chumba cha juu kwa mtu pale Kiponda. Ualimu sijausomea. Kihispania nilikianza kwa jirani yetu mmoja, mzee aliyesoma Kuba, kilichobaki nimekiokota kwa wageni na kwa kusikiliza mipira inayotangazwa kwa lugha yao. Kwa hiyo haya ni ya mtu aliyekosea sana kabla hajapatia kidogo.

Kosa langu la kwanza naona na wewe unalinyemelea. Nilikuwa nafundisha sarufi Jumatatu na Jumatano, utamaduni Alkhamisi. Alkhamisi nabandika picha ukutani, mwanamke anacheza ngoma ya flamenco, sahani ya wali wa paella, ng'ombe na yule mtu wake na kitambaa chekundu, mzee kalala siesta chini ya mti. Watu wanafurahi, wanapiga picha na simu, tunaagana. Wiki ya tatu kijana wangu mmoja akapata wageni wa Madrid, mtu na mkewe na watoto wawili, na kwa kuwa mie nshamjaza kichwa habari za siesta, ilipofika saa saba mchana akawauliza kwa adabu zote kama wanataka warudi hotelini wakalale. Yule bwana akamuuliza, nani kakwambia sisi tunalala mchana, mie kazini natoka saa mbili usiku. Hakuwa mkali lakini ile sura, sura ya mtu aliyekwishaulizwa jambo hilo hilo kila anapokwenda, wewe unaijua, ndo tunayoivaa sisi tukishuka bandarini na mgeni anatwambia hakuna matata.

Nikaona haya kweli. Nikaenda kutafuta kwa nini hasa watu hawa wanakula mchana saa nane na usiku saa tatu saa nne, na jawabu lilinishangaza kwa sababu ni la jua. Ukitazama ramani Hispania iko kusini mwa Uingereza, mstari mmoja kwenda chini, tena Madrid iko magharibi zaidi ya London, lakini saa wanazotumia ni za Berlin. Walizisogeza mbele mwaka 1940, enzi za Franco, na mpaka leo hawajazirudisha. Kwa hiyo Madrid wakati wa kiangazi jua linafika kilele chake saa nane na robo hivi kwa saa ya ukutani. Mtu anayekula saa nane, kwa jua lake anakula adhuhuri kama wewe na mie. Sasa mweleze Mzungu mwengine haya, itabidi umchoree, lakini wanafunzi wetu wanaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza wamelidaka kabla sijamaliza sentensi. Alkhamisi ile sikubandika picha. Tulikaa na saa ya mezani na kuulizana, kwa nini wanasema buenas tardes mpaka saa moja jioni na sisi tungeshasema usiku unaingia, madrugada ni saa ngapi, tukakubaliana ni ule usiku wa manane mpaka alfajiri inapokaribia, na kwa nini tarde kwa wengi wao inaanza baada ya kula na sio baada ya saa sita. Halafu ile ajali yetu ya kila siku, mtu anafikiri saa tatu asubuhi anasema a las tres, mgeni anakuja kuipanda boti saa tisa alasiri. Nimeshuhudia, na nauli ilirudishwa.

Hapo ndo nilipoacha habari ya kipindi cha utamaduni peke yake. Ule ukurasa wa mwisho wa sura mie naungoa naupeleka mwanzo, au naupindua, naanza na la kwetu. Na jambo la pili nililoacha, ambalo nadhani ndo linalowanasa watu wako, ni kufundisha Kihispania kwa kupitia Kiingereza.

Nieleze. Kila kitabu kitakwambia mlima wa kiwango cha kati ni subjuntivo, yaani lile umbo la kitenzi la kutaka, kuomba na kutilia shaka. Kwa Mwingereza kweli mlima, kwao imekufa karibu yote. Wewe unayo, unaitumia tangu unaamka. Nataka aje. Mwambie angoje. Tule. Ile e ya mwisho, ndo hiyo hiyo. Quiero que venga. Dile que espere. Comamos. Vitabu vyangu vyote vilikuwa vya Kiingereza basi nami nikawa nakata kona ndefu ile, Kispanishi kwenda Kizungu, Kizungu kuja Kiswahili, wiki nne nzima, watu wanatoka wamechoka na bado wanakosea, wanasema quiero que viene badala ya venga. Siku moja nikafuta ubao nikaandika dua tupu. Mungu akubariki, que Dios te bendiga. Ufike salama, que llegues bien. Upone, que te mejores. Ulale unono, que duermas bien. Nikanyamaza, nikajifanya natafuta chaki. Dada mmoja wa resepsheni akasema, ah, kumbe ile ya e! Tukaendelea kutoka hapo na hatujaangalia nyuma.

Haziendi sambamba kila mahala, na usiwafiche. Sisi natumai atakuja, wao espero que venga. Sisi sidhani kama anajua, wao no creo que sepa. Sisi ukija kesho, wao cuando vengas mañana. Tafauti hizo ndo ziandikwe daftarini kwa wino mwekundu, yanayofanana yaache yajiendeshe yenyewe. Na ukishaanza kutazama hivo utaona mengi sana tumeshapewa bure: nina njaa ni tengo hambre, nina miaka ishirini ni tengo veinte años, niko nyumbani ni estoy en casa, na ile a yao inayowatesa watu, vi a tu hermana lakini vi la casa bila a, kwani sisi hatusemi nilimuona dada yako na niliona nyumba? Kile ki-mu chetu cha mtu ndo ile a yao. Hata me gusta, usiseme ni kupenda, sema ni kupendeza, embe linanipendeza, maembe yananipendeza, me gusta el mango, me gustan los mangos, mwisho wa hadithi.

Sasa utauliza utamaduni uko wapi kwenye dua hizo. Uko ndani yake! Venezuela, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, mtoto akiingia kwa bibi yake anasema bendición, na bibi anajibu Dios te bendiga. Nilipowaambia hivo darasa zima likajibu marahaba, sikuwafundisha. Ni shikamoo yao. Halafu tukalinganisha, kijana wa Madrid haombi bendición kwa mtu, lakini kutwa anasema ojalá, ojalá llueva (inshallah inyeshe), ojalá ganemos (inshallah tushinde), na ojalá ni Kiarabu kile cha akipenda Mungu kilichobaki kwenye ndimi zao tangu siku za Andalus, Hispania ilipokuwa chini ya Waislamu. Asiye na dini kabisa anamtaja Mungu mara kumi kwa siku na habari hana.

Mlango wa Kiarabu huo uufungue lakini usilewe nao. Mie nililewa, nikatumia vipindi vitatu. Fulano ni fulani. Hasta ni hata, na inafanya kazi zote mbili kama yetu ya zamani, mpaka na hata, hasta mañana, hasta los niños lo saben, hata watoto wanajua. Azúcar, azafrán, hizo hazihitaji mkalimani. Alcalde, meya wao, katoka kwa kadhi. Rehén ni mateka, ndugu yake rehani, mtu aliyewekwa rehani. Na mezquino katoka kwa maskini lakini angalia, kwao siku hizi ni bahili, mtu wa roho ndogo, ukimwambia mgeni kwamba baba yako alikuwa mezquino umemtukana mzee. Vijana waliopita chuoni wanaijua Andalus kwa upande mmoja, wa kuanzia 711, wengi hawajui ilivyomalizikia, Granada 1492, na Waislamu waliobatizwa kwa nguvu wakaja kufukuzwa nchini kuanzia 1609. Hilo lilinifungulia mjadala mkali wa Kihispania kibovu lakini chenye moyo, nikaona hawa kumbe wakiwa na la kusema hawangoji mwalimu.

Ndo nakuja kwenye ng'ombe. Maalim, wewe uko Pemba na unaniuliza uanze na nini! Mchezo wa ng'ombe upo kwenu, watu wanasema tumeachiwa na Wareno, na wanafunzi wako hakuna asiyewahi kuusikia, pengine mmoja babu yake alikuwa anacheza. Kitabu chako lazima kina picha ya corrida, mchezo wa ng'ombe wa Hispania. Usianze na corrida. Wiki ya kwanza waambie wakuelezee wewe mchezo wa Pemba, kwa Kihispania, kama wewe ni mgeni wa Sevilla na hujui kitu: ng'ombe anafungwaje kamba, nani anamchezea na kitambaa, zumari inapigwa saa ngapi, kina mama wanavaa nini, na mwisho wake nini, kwamba ng'ombe hauawi, jioni anarudi kwa mwenyewe. Watakwama maneno, wape: cuerda (kamba), cuernos (pembe), trapo (kitambaa), torear (kumchezea ng'ombe). Hapo utapata wakati uliopo wa desturi, se hace, se toca, se lleva (hufanywa, hupigwa, huvaliwa), ambao kila kitabu kinaufundisha kwa mifano ya mabango ya nyumba inauzwa.

Wiki ya pili ndo corrida ya Hispania, ya kuua. Na hapo usiwaletee sifa wala matusi, waletee ugomvi wenyewe wa wenye lugha. Visiwa vya Canarias waliuzuia tangu 1991. Catalunya bunge lao lilipiga kura 2010 kuzuia, mahakama ya katiba ya Hispania ikaja kuifuta sheria ile 2016. Kolombia wamepitisha sheria ya kuukomesha mwaka 2024 na wamepeana muda mpaka 2027. Ureno kwenyewe ng'ombe kwa kawaida hauawi mbele ya watu, kwa hiyo wa kwenu umefanana na wa huko unakosemwa umetoka. Ukishawapa hayo wagawe mafungu mawili, creo que es (naamini ni), no creo que sea (sidhani kama ni), me parece mal que maten al toro (naona vibaya wakimuua ng'ombe), es normal que la gente proteste (ni kawaida watu kulalamika). Ile subjuntivo ya dua sasa inapata meno. Mie nimeufanya somo hili Unguja na watu ambao mchezo wenyewe hawajawahi kuuona, wameusikia tu, na bado kijana mmoja alisimama juu ya kiti. Wewe una walioukuta uwanjani. Na faida nyengine, akija mgeni akamuuliza mwanafunzi wako huku Pemba mnawatesa ng'ombe, ana jawabu, na hatamuuliza yule mgeni swali la kijinga kama langu la siesta.

Nyakati zilizopita, zile mbili, comía (nilikuwa nikila) na comí (nilikula), mie nazifundishia shambani Kizimbani. Kuna mti wa vanila, unaotambaa, na kila muongoza wageni anajua kusema ua lake linachavushwa kwa mkono. Lakini kwa nini? Kwa sababu vanila kwao Meksiko, wadudu wa kulichavusha wako kule na hawakuja nayo. Aliyegundua njia nyepesi ya kutumia kijiti na kidole ni mtoto mtumwa kisiwani Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841. Sasa andika: Edmond era esclavo y tenía doce años cuando descubrió cómo polinizar la vainilla. Sentensi moja, nyakati zote mbili, na ukiigeuza, alikuwa mtumwa, alikuwa na miaka kumi na miwili alipogundua, ile alikuwa inabeba hali na ile alipo inabeba tukio, wanaona wenyewe. Tena ni stori ambayo mgeni wa Mexico City akiisikia kwa lugha yake anatoa simu anaandika, na bakhshishi inabadilika, nisikufiche.

Hatua chache mbele kuna mzingefuri, mti wa ile mbegu ya rangi nyekundu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na mgeni, mama mmoja wa Mérida, Yucatán, huko Meksiko, akapasua tunda, akamsugulia nyekundu ile kiganjani tayari kwa mzaha wetu wa kila siku wa rangi ya mdomo. Yule mama akanusa mkono wake akasema achiote, akakaa chini pale kwenye majani. Akaanza kueleza mama yake alivyokuwa akiisaga kwa siki ya ndimu na kitunguu thomu, nyama inafungwa kwa jani la mgomba, inafukiwa shimoni. Kijana anamsikiliza, decía, molía, envolvía (alikuwa akisema, akisaga, akifunga), zile imperfecto zote, ndo ule wakati wa comía, zinapita masikioni mwake kama mvua. Akauliza nyama gani. Ya nguruwe. Hilo nalo wengine mmeuliza huko juu, tufanyeje na nguruwe na mvinyo maana kitabu kimejaa jamón, paja la nguruwe. Mie siviruki. Mwanafunzi lazima ajue neno ili ajue kulikataa kwa adabu, yo no como cerdo, pero cuénteme, mie nguruwe sili, lakini nihadithie. Yule kijana alisema hivo hivo na mama yule akamwambia hata na kuku inafanywa, baadaye kijana akaja kupika kwao Bububu kwa mzingefuri wa shamba. Mama mzazi wa kijana alisema chumvi haikukolea.

Kuhusu lafudhi ntapita haraka. Ukiwasikilizisha Kihispania cha Madrid tu wataumia. Mie namleta yule mzee wangu wa Kuba mara moja kila muhula, anakula zile s zote, anasema ehtamoh badala ya estamos, mara ya kwanza darasa lilidhani anaumwa meno. Anawaambia basi la abiria ni guagua, na Canarias pia ni guagua, Ajentina colectivo, Meksiko camión. Parachichi ni aguacate, ukifika Peru au Chile ni palta. Vosotros, nyinyi ya Hispania, wafundishe kuisikia, kwa sababu familia za Hispania zinakuja kwa wingi mwezi wa nane, lakini kuisema mie siwalazimishi, ustedes, nyinyi nyengine, inamtosha kila mtu na haimkeri mtu. Usted na tú, wewe ya heshima na wewe ya kawaida, nilikuwa na kanuni yangu, unayempa shikamoo mpe usted, nzuri kwa kuanzia lakini ina mashimo, Hispania mama wa miaka sitini anaweza kukwambia acha hiyo usted unanizeesha, na Kolombia utasikia mke na mume wanaitana usted na hawajagombana.

Na tafadhali waambie habari za coger. Hispania ni kushika, kuchukua, kupanda basi, neno safi. Ajentina na Meksiko ni la chumbani. Mie niliona aibu kulisema mbele ya dada wale wa resepsheni nikaliacha, na mwanafunzi wangu akawatangazia wanawake watano wa Buenos Aires, Ajentina, bandarini, kwa sauti, kwamba sasa wote pamoja vamos a coger el barco, akimaanisha tupande boti. Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya begi. Yeye mpaka leo ananidai. Waambie tomar, basi, bila maelezo marefu.

Jambo moja ambalo kitabu chako nadhani hakina hata mstari: Guinea ya Ikweta. Waafrika, lugha zao za nyumbani Kifang na Kibubi, za Kibantu kama yetu, Kihispania lugha ya serikali, mji wao wa Malabo uko kisiwani, mashamba ya kakao kama sisi ya karafuu, uhuru wao 12 Oktoba 1968. Nilipowaonesha video ya mtu wa Malabo anahojiwa, mweusi kama wao, Kihispania kinamtoka kama maji, darasa lilikaa kimya hivi. Mmoja akasema nilikuwa nadhani mie ntakisema daima kama mtu aliyeazima shati. Sijapata somo zuri kuliko hilo na lilichukua dakika nane.

Umeuliza mwisho kama uwafanyishe mtihani wa DELE, ule wa cheti cha Kihispania. Wale wawili wa hoteli labda, karatasi ya B1, yaani kiwango cha kati, inawasaidia wakiomba kazi pengine. Hawa saba wa kutembeza wageni waache kwanza wamueleze mtu wa Sevilla ng'ombe wa Pemba dakika kumi bila kusimama, ukishawapata hapo tutazungumza habari ya mtihani. Mie darasa langu ni Jumatatu, Jumatano na Alkhamisi baada ya magharibi, ukivuka Unguja nitafute, nipe meseji humu humu. Na njoo na video ya mchezo wa ng'ombe, wangu wameshabishana mwaka mzima juu ya kitu ambacho hawajakiona.